Profesa Z. K. Matthews, Mlezi wa Viongozi

Kila mwaka vyuo vikuu vya nchi zetu hufungua milango na kupokea vijana kwa maelfu, na kila mwaka wazee huuliza swali lile lile: je, katika vijana hawa watatoka viongozi, au watatoka watu wenye vyeti tu? Wako wanaodhani kwamba uongozi ni somo kama hesabu, ambalo mwanachuo aweza kufundishwa kwa juma moja na kupewa hati ya kufaulu. Wako pia wanaodhani kwamba kiongozi huzaliwa, na kwamba chuo hakina la kufanya ila kumngoja ajitokeze. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekosea. Badala ya kubishana kwa maneno matupu, leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mwalimu mmoja ambaye kazi yake yote ilikuwa jawabu la swali hili. Naye ni marehemu Profesa Zachariah Keodirelang Matthews wa Afrika ya Kusini, aliyejulikana na wengi kwa jina la Z. K.

Matthews alizaliwa tarehe 20 Oktoba, 1901, karibu na mji wa Kimberley, penye migodi ya almasi. Baba yake, Mtswana wa kabila la Bamangwato, alikuwa mfanya kazi wa migodini. Kijana alipata nafasi katika shule ya misheni ya Lovedale, na kutoka huko akaingia chuo cha Fort Hare, katika mji mdogo wa Alice. Mahali pale zamani palikuwa ngome ya askari wa Kiingereza, katika vita vya kuwanyang'anya Waxhosa ardhi yao. Mwaka 1916 palifunguliwa chuo cha Waafrika chenye wanafunzi 20 tu. Tusidharau mianzo midogo; Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilianza mwaka 1961 kwa wanafunzi 14 wa sheria.

Mwaka 1923 Matthews alifanya mtihani wa Chuo Kikuu cha Afrika ya Kusini, akawa Mwafrika wa kwanza kupata shahada ya B.A. kwa masomo ya Fort Hare. Mwaka 1925 akapewa ukuu wa shule ya sekondari ya Adams College katika Natal, ambako alifanya kazi pamoja na Albert Luthuli, yule ambaye baadaye aliongoza chama cha African National Congress na kupewa Nishani ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Mchana Matthews alifundisha. Saa za mapumziko akajisomea sheria peke yake, na mwaka 1930 akafaulu shahada ya sheria. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, akapata shahada ya pili mwaka 1934, na baada ya hapo akasoma London chini ya Profesa Malinowski, bingwa wa elimu ya mila na jamii za watu.

Mtu wa elimu ya namna hiyo angaliweza kutafuta maisha mepesi ughaibuni. Matthews alirudi. Mwaka 1936 alianza kufundisha Fort Hare, na somo lake likawa mila na sheria za Waafrika. Mwaka huo huo serikali iliwaondoa Waafrika wa jimbo la Cape katika orodha ya wapiga kura wote. Fikirini basi, wasomaji wetu, hali ya mwalimu yule: aliitwa kuwatayarisha vijana wawe viongozi katika nchi iliyokuwa ikiwafungia Waafrika milango ya utawala, mmoja baada ya mwingine.

Hapa inafaa tukumbuke kwamba sisi wa Afrika ya Mashariki tuna deni kwake. Matthews alikuwa mjumbe wa tume iliyoongozwa na Lord De La Warr, ambayo ilichunguza elimu ya juu katika nchi zetu na kutoa taarifa yake mwaka 1937. Tume hiyo ilishauri Makerere ikuzwe hata iwe chuo kikuu. Vijana wengi walioongoza madai ya uhuru wa Tanganyika, Kenya na Uganda walipita Makerere, na Julius Nyerere mwenyewe alisoma pale kuanzia mwaka 1943 hata 1945. Tena wako vijana wetu waliokwenda Fort Hare yenyewe. Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru, alisoma huko. Yusuf Lule, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa Makerere na ambaye mwaka 1979 alikuwa Rais wa Uganda kwa muda mfupi, naye alisoma huko.

Sasa tuulize: chuo kile, kilichokuwa na wanafunzi wachache na fedha kidogo, kiliwaleaje viongozi? Alisoma pale Seretse Khama, Rais wa kwanza wa Botswana. Alisoma pale Oliver Tambo, aliyekishika chama cha ANC katika miaka mirefu ya uhamishoni. Alisoma pale Robert Sobukwe, aliyekuwa mkuu wa baraza la wanafunzi mwaka 1949 na miaka kumi baadaye akaanzisha chama cha PAC. Na alisoma pale Nelson Mandela, aliyeketi katika darasa la Matthews mwenyewe.

Jibu la kwanza ni kwamba wanafunzi walipewa kazi za kweli. Wale wa chama cha wanafunzi Wakristo walikwenda vijijini siku za Jumapili kufundisha, na Mandela na Tambo walikuwa miongoni mwao. Kijana aliyetembea kwa miguu hata kijijini, akakaa na watu wasiojua kusoma na kuwaeleza jambo hata wakalielewa, amejifunza adabu ya uongozi ambayo haipatikani katika vitabu. Amejifunza kusema kwa lugha ya watu, na amejifunza pia kunyamaza na kusikiliza.

Jibu la pili ni kwamba walijitawala katika mambo yao. Katika bweni la Wesley House wanafunzi wa miaka ya juu walikuwa wameishika kamati ya bweni kana kwamba ni mali yao. Wanafunzi wapya, Mandela akiwa mmoja wao, wakafanya uchaguzi na kuunda kamati yao wenyewe. Wakubwa walikasirika na kupeleka malalamiko kwa mkuu wa bweni, lakini vijana walishikilia kwamba uamuzi wa wengi uheshimiwe, na ukaheshimiwa. Jambo hilo laweza kuonekana dogo. Lakini kijana aliyeonja mara moja kwamba kura za wengi zaweza kuishinda jeuri ya wachache hasahau maisha yake yote.

Hata hivyo hatutaki kukipamba chuo kile kupita kiasi. Mwaka 1940 wanafunzi walidai chakula bora na baraza lao lipewe nguvu zaidi. Wengi walisusia uchaguzi, na wachache waliopiga kura wakawachagua wajumbe sita, Mandela akiwamo. Mandela aliona kwamba hakuchaguliwa na wanafunzi walio wengi, akakataa kiti hicho. Mkuu wa chuo akampa shauri moja kati ya mawili: akubali kiti au aondoke. Kijana akaondoka, akayaacha masomo yake kabla ya kuyamaliza. Baadaye Tambo naye alifukuzwa kwa sababu ya mgomo. Hivyo chuo kiliwafunza vijana kusimama, na waliposimama kikawafukuza.

Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa maana ndilo jaribu la kila chuo kikuu hata leo. Ni rahisi kuwaambia wanafunzi wawe na ujasiri. Ni vigumu kuuvumilia ujasiri huo unapobisha mlangoni mwa ofisi ya mkuu. Chuo kinachotaka viongozi lakini hakitaki kubishiwa ni kama mkulima atakaye mahindi lakini hataki mvua. Nao wanafunzi wasijidanganye kwamba kila mgomo ni ushujaa. Mandela hakuondoka kwa sababu ya wali na mboga. Aliondoka kwa sababu hakutaka kushika cheo ambacho wenzake walio wengi hawakumpa. Mwenye kugoma na ajiulize kama jambo lake lina uzito huo.

Sasa tumrudie Matthews. Mwaka 1944 Profesa D. D. T. Jabavu alistaafu, na Matthews akashika nafasi yake akiwa profesa. Lakini hakujificha nyuma ya vitabu. Aliingia katika Baraza la Wawakilishi wa Wenyeji, akatumaini kwamba hoja nzuri ingeisogeza serikali. Alipoona kwamba baraza lile halikuwa na nguvu yo yote, mwaka 1950 alijiuzulu. Katika ANC aliongoza jimbo la Cape tangu mwaka 1949.

Vijana wa chama hawakumwona kuwa mkali wa kutosha. Mandela amesimulia kwamba walipotafuta rais mpya wa chama mwaka 1949 walimwendea mwalimu wao wa zamani, naye akawakatalia, akiuona mpango wao kuwa wa haraka na usiotekelezeka. Twadhani vijana walikuwa na haki ya kusikitika. Lakini mwalimu naye hakubaki alipokuwa. Mwaka 1953, katika mkutano wa jimbo uliofanyika Cradock, ni yeye aliyetoa shauri kwamba uitishwe mkutano mkuu wa watu wa rangi zote, waandike wenyewe namna ya nchi wanayoitaka. Kutokana na shauri hilo ulifanyika mkutano wa Kliptown mwezi wa Juni, 1955, nao ukaipitisha Hati ya Uhuru. Wanafunzi walimsogeza mwalimu, na mwalimu akawapa wanafunzi wazo kubwa kuliko yote waliyokuwa nayo. Hivyo ndivyo wazee na vijana wanavyopaswa kufaana.

Serikali ya Makaburu haikusahau. Mwezi wa Desemba, 1956, Matthews alikamatwa pamoja na wenzake 155, mwanawe Joe akiwa mmoja wao, wakashtakiwa kwa uhaini. Mashtaka juu yake yaliondolewa kabla kesi haijaisha, na mwaka 1961 washtakiwa wa mwisho nao walionekana hawana hatia.

Lakini jaribu kubwa lilikuja mwaka 1959. Serikali ilitunga sheria ya kukitwaa chuo cha Fort Hare na kukifanya kiwe cha kabila moja chini ya amri yake, na walimu wawe watumishi wasio na ruhusa ya kuikosoa. Matthews alikuwa na umri wa miaka 58. Alikuwa amekitumikia chuo kile zaidi ya miaka 20, na malipo yake ya uzeeni yalikuwa karibu. Angaliweza kunyamaza muda uliobakia na kuyapokea, wala watu wengi wasingemlaumu, maana alikuwa na jamaa ya kulisha. Matthews alijiuzulu, akayapoteza malipo hayo yote. Walimu wengine nao waliacha kazi, na wengine wakafukuzwa.

Twasema kwamba siku hiyo Matthews alifundisha somo kubwa kuliko yote aliyopata kufundisha. Wanafunzi walikuwa wamemsikia kwa miaka mingi akizungumza juu ya haki na sheria. Sasa waliona kwa macho yao gharama ya mambo hayo, na waliona ni nani aliyeilipa.

Mwaka 1960, baada ya mauaji ya Sharpeville, aliwekwa kizuizini. Baadaye alikwenda Geneva kulitumikia Baraza la Makanisa la Ulimwengu. Botswana ilipopata uhuru wake mwaka 1966, ilimteua awe balozi wake Marekani na mjumbe wake katika Umoja wa Mataifa. Na Rais aliyemtuma alikuwa Seretse Khama, kijana wa Fort Hare. Alifariki dunia mjini Washington mwezi wa Mei, 1968, akazikwa Botswana. Hakuuona mwaka 1994, Mandela alipoapishwa kuwa Rais. Hakuuona mwaka 2004, mjukuu wake Naledi Pandor alipokuwa Waziri wa Elimu wa Afrika ya Kusini. Mpanda mnazi mara nyingi hanywi dafu lake.

Yatupasa tuongeze neno moja la tahadhari. Robert Mugabe naye alipata shahada Fort Hare. Aliikomboa nchi yake, kisha akakaa madarakani kwa miaka 37, hata mwaka 2017 jeshi lake mwenyewe likamlazimisha kuondoka. Chuo chaweza kumpa mtu ujuzi wa kuongoza. Hakiwezi kumpa moyo wa kuachia. Kwa hiyo mfano wa mwalimu una thamani kuliko mtaala, kwa kuwa katika mfano huo ndimo kijana huona kwamba cheo kinaweza kuwekwa chini kwa heshima.

Basi kwa wakuu wa vyuo twasema: wapeni wanachuo madaraka ya kweli, wachague na wachaguliwe, wakosee na wasahihishwe, wala msiwe wepesi wa kufukuza. Kwa wanachuo twasema: nendeni kwa watu kabla ya kutaka kuwaongoza, na mjue ni jambo gani mko tayari kulipoteza kwa ajili ya lililo haki. Na kwa walimu na wazee wote, nasi wenyewe tukiwamo, twasema kwamba vijana hawatutazami midomo. Wanatutazama siku ile ambapo kazi na malipo yetu yako upande mmoja, na ukweli uko upande wa pili.