Nyanya wa Nchi Nzima

Mcheza kwao hutuzwa, husema wazee wetu. Huko Mexico aliondokea mwanamke mmoja, Sara García, aliyetuzwa kwao jina ambalo hata malkia ni nadra kupewa: nchi nzima ilimwita nyanya. Lakini jina hilo hakulipata bure, na bei aliyolilipia ndiyo habari yetu.

Sara alizaliwa mwaka 1895 mjini Orizaba, jimbo la Veracruz, kwa wazazi waliohamia kutoka Hispania. Alifiwa nao angali mdogo, akasomeshwa katika shule ya wasichana ya Vizcaínas, katika mji mkuu, na baadaye akafundisha papo hapo. Mwaka 1917 alitokea mara ya kwanza katika sinema, zile za zamani zisizokuwa na sauti. Kisha akaingia jukwaani, akazunguka nchi na vikundi vya michezo ya kuigiza. Aliolewa na mwigizaji mwenziwe, Fernando Ibáñez, wakajaliwa binti mmoja, María Fernanda. Ndoa haikudumu, Sara akabaki na mwanawe na kazi yake.

Wacheza sinema wengi huukimbia uzee, wakauficha kwa poda na rangi. Sara aliufuata mwenyewe. Alipotaka kupewa nafasi ya ajuza, naye hajafika hata miaka 50, alikwenda akang'olewa meno 14, ili mashavu yabonyee na midomo iingie ndani kama ya kikongwe. Mvi za bandia huvuliwa mchezo ukimalizika. Meno yaking'oka, yameng'oka.

Jaribio kubwa zaidi lilikuwa bado. Mwaka 1940 María Fernanda, aliyekuwa ameanza kufuata nyayo za mamake katika uigizaji, alifariki kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka ishirini hivi. Mwaka uliofuata mama yule alitokea katika sinema ya Juan Bustillo Oro, Cuando los hijos se van, jina lenye maana ya watoto waondokapo. Ndani yake alikuwa mama anayempoteza mwana. Watazamaji walililia mchezo. Yeye alikuwa na msiba wake nyumbani.

Mwaka 1947 ikatoka Los tres García, ya Ismael Rodríguez. Humo Sara ni nyanya mkali, sigara kubwa kinywani na bakora mkononi, akiwatia adabu wajukuu watatu, mabarobaro wasiopatana. Mmoja wao alikuwa Pedro Infante, mwimbaji kipenzi cha Wamexico. Mwaka 1957 Infante alikufa katika ajali ya ndege, naye hajatimiza miaka 40. Mjukuu wa sinema akamtangulia nyanya, kama binti wa damu alivyomtangulia mama.

Hata hivyo Sara hakuacha kazi. Mwaka 1972, katika Mecánica nacional, aliwashangaza waliomzoea kwa kutokea kama nyanya mwenye ulimi mchafu. Mwaka 1973 sura yake iliwekwa kwenye pakiti za chokoleti ya kunywa iitwayo Abuelita, yaani nyanya, na watu wakawa wanamwona kila asubuhi mezani mwao.

Alifariki tarehe 21 Novemba 1980, akiwa na miaka 85. Mwana aliyemzaa alikuwa mmoja, naye alikwisha tangulia. Waliomwita nyanya hawana hesabu.