Roosevelt, rais ambaye hakuuliza presha yake ni ngapi

Sisi tuliosoma uhamishoni mkoani Kigoma tulilisikia jina la Franklin Delano Roosevelt katika somo la historia: rais wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alivyokufa hatukufundishwa. Mimi huwafundisha wanafunzi wangu, maana wapo ambao wazazi wao walianguka ghafla sokoni, na majirani wakasema wamerogwa.

Alizaliwa tarehe 30 Januari 1882 huko Hyde Park, jimbo la New York, katika familia yenye mali. Agosti 1921, akiwa na miaka 39, miguu yake ilipooza. Madaktari wakasema ni polio. Hata hivyo alipata ugavana wa New York, na mwaka 1932 akachaguliwa kuwa rais. Alichaguliwa tena 1936, 1940 na 1944. Hakuna rais mwingine wa Marekani aliyechaguliwa mara nne.

Daktari wake wa Ikulu, Ross McIntire, alikuwa bingwa wa pua na koo, kwa sababu rais alisumbuliwa sana na mafua. Presha ilipimwa. Mwaka 1935 ilikuwa 136 kwa 78. Mwaka 1941 ikafika 188 kwa 105. Siku hizi muuguzi akikuta 140 kwa 90, na ikarudia hivyo siku nyingine, hakuachii uende zako. Wakati ule madaktari wengi waliona presha kupanda na umri ni jambo la kawaida, na dawa nzuri hazikuwepo. Kwa hilo simlaumu McIntire. Namlaumu kwa kuendelea kuwatangazia wananchi kwamba rais ni mzima.

Machi 1944 binti yake, Anna, aliona baba anachoka na kukohoa, akashikilia achunguzwe. Daktari kijana wa moyo, Howard Bruenn, alimpima katika hospitali ya jeshi la majini, Bethesda. Alikuta presha 186 kwa 108, na moyo uliopanuka na kushindwa kazi. Alimpa dawa ya moyo, akamtaka apunguze chumvi, uzito, sigara na saa za kazi. Tangu hapo alimpima mara kwa mara, lakini rais hakumuuliza hata siku moja presha ni ngapi wala vidonge ni vya nini. Kiongozi aliyefuatilia vita vya dunia nzima!

Watu wa namna hiyo nawafahamu, wanavuka Kobero na Manyovu kila wiki. Mwezi huu mtu anapimwa Kigoma, mwezi ujao Makamba, na karatasi ya vipimo inaishia kufungia karanga. Bei ya mchele ya masoko matatu anayo kichwani, presha yake haijui. Wengi wetu daktari wa familia hatuna. Tuna muuguzi wa kituo cha afya. Basi awe huyo huyo, na namba ziwe katika daftari moja linalovuka mpaka pamoja nawe.

Februari 1945 Roosevelt alisafiri hadi Yalta kukutana na Churchill na Stalin. Tarehe 12 Aprili, huko Warm Springs, Georgia, alilalamika kichwa kinamuuma vibaya, akapoteza fahamu. Presha ilipita 300 kwa 190. Alikufa siku hiyo kwa damu kuvuja kwenye ubongo, akiwa na miaka 63.

Mwaka 1948 Rais Truman alitia saini sheria ya kupambana na magonjwa ya moyo. Mwaka huo huo, katika mji wa Framingham, Massachusetts, ulianza uchunguzi wa watu 5,209, wengi wao wakijiona wazima, waliopimwa kila baada ya miaka miwili. Ndio uliosaidia kuonyesha kwamba presha, sigara na mafuta mengi katika damu huanza kuharibu moyo mapema, kabla mtu hajasikia maumivu.

Faili la matibabu la Roosevelt lilitoweka baada ya kifo chake. Namba hizi tunazijua kwa kuwa Bruenn alihifadhi kumbukumbu zake, akazichapisha mwaka 1970.