Barua za Churchill kwa Mama Yake: Safari ya Kijana Mwenye Kitembe Kuelekea Jukwaani

Winston Churchill, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hakujaliwa ulimi mwepesi. Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1874, na tangu utotoni alikuwa na kitembe kilichomsumbua kila alipotamka herufi "s". Jinsi alivyojijenga hadi kuwa mhutubu wa kutajika inaonekana vyema katika barua alizomwandikia mama yake, Jennie Jerome, Mmarekani aliyefahamika kama Lady Randolph Churchill.

Baba yake, aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha, alifariki dunia Januari 1895. Tangu hapo, mama ndiye aliyekuwa msiri na mshauri wake. Mwaka huohuo, kupitia urafiki wa mama, kijana huyo alipokewa mjini New York na mwanasiasa Bourke Cockran, ambaye uhutubiaji wake aliuchukua kuwa kigezo.

Mwaka 1896 alipelekwa Bangalore, India, akiwa ofisa wa kikosi cha wapanda farasi. Kutoka huko alimwomba mama vitabu: Gibbon, Macaulay na kumbukumbu za mwaka za mambo ya Bunge. Kabla ya kusoma mjadala wowote, aliandika kwanza maoni yake, kisha akayalinganisha na hoja za wabunge. Hakuwa na mwalimu wala darasa. Alikuwa na sanduku la vitabu na mama aliyeyajibu maombi yake.

Mwaka 1897 daktari bingwa wa koo, Felix Semon, alimpima na kuona kwamba ulimi wake hauna kasoro ya maumbile. Alichohitaji ni mazoezi. Julai mwaka huo alitoa hotuba yake ya kwanza ya kisiasa karibu na mji wa Bath. Mwaka uliofuata, baada ya kuhutubia Bradford, alimwandikia mama kwa furaha kwamba wasikilizaji walitulia karibu saa nzima na kitembe hakikumzuia. Alishindwa uchaguzi wa Oldham mwaka 1899, akashinda mwaka 1900.

Hata hivyo, tarehe 22 Aprili 1904, akihutubia Bunge kwa kutegemea kumbukumbu, maneno yalimpotea. Aliketi bila kumaliza. Kuanzia hapo alifika bungeni na maandishi kamili, jambo ambalo sisi tunaoandaa hotuba maofisini tunalielewa vizuri.

Ni kweli pia kwamba ufasaha huo aliutumia kutetea ukoloni, na katika miaka ya 1930 aliupinga mpango wa kuipa India madaraka ya kujitawala.

Jennie alifariki dunia Juni 1921, miaka 19 kabla ya mwanawe kuwa Waziri Mkuu. Hotuba za mwaka 1940, ambazo baadhi yake zilisikika redioni, hakuzisikia.