JOHN HARRISON, SEREMALA ALIYEIPELEKA SAA BAHARINI

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na saa yangu ya mkononi hupoteza dakika tano kila siku. Nikichelewa naadhibiwa mimi, si saa. Ndiyo maana maisha ya John Harrison yamenigusa.

Harrison alizaliwa mwaka wa 1693 huko Yorkshire, Uingereza. Babake alikuwa seremala, naye akairithi kazi hiyo. Kabla ya kutimiza miaka 21 alikuwa amekwisha kuunda saa, na magurudumu yake, jamani, yalikuwa ya mbao!

Siku hizo mabaharia waliangamia ovyo. Mwaka wa 1707 merikebu nne za kivita za Uingereza zilivunjika kwenye miamba ya visiwa vya Scilly, watu zaidi ya elfu moja wakafa maji, kwa kuwa manahodha hawakujua walipo. Mwaka wa 1714 Bunge likaahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayepata njia ya kujua longitudo baharini.

Hebu tuone siri yenyewe. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Jua likiwa utosini, hapo ulipo ni saa sita. Kama saa uliyobeba yasema London ni saa tisa, basi uko nyuzi 45 magharibi. Lakini ikikosea dakika moja tu, karibu na Ikweta umepotea kilomita 28 hivi! Hata setilaiti za leo hutegemea saa: ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, hiyo ni mita 300. Kupitia setilaiti hizo maabara za mataifa hulinganisha saa zao ili dunia iwe na wakati mmoja.

Harrison alihangaika miaka karibu thelathini. Saa tatu kubwa hazikumridhisha. Ya nne, ya mwaka wa 1759, ilikuwa na upana wa sentimita 13 tu. Mwanawe William alisafiri nayo hadi Jamaika mwaka wa 1761. Walipopiga hesabu, ilikuwa imekosea sekunde 5!

Je, alilipwa? Wapi! Wakubwa walisema eti ni bahati. Ikajaribiwa tena hadi Barbados, ikafaulu, wakatoa nusu ya fedha. Mzee akaenda kwa Mfalme George wa Tatu, na mwaka wa 1773 Bunge likamwongezea pauni 8,750. Alikuwa na miaka 80. Alifariki mwaka wa 1776.

Saa zake zimehifadhiwa Greenwich. Yangu nimeipeleka kwa fundi.