André Vésale, munganga mwenye alishuka kwenye kiti

Nyuma ya macho, katikati ya kichwa, kuko mufupa mumoja wenye kufanana na kipepeo. Wanganga wanauita sfenoidi. Ndani yake kuko uwazi wa hewa, na pembeni kuko matundu mawili kwenye mishipa ya kuona inapita kutoka macho kwenda kwenye ubongo. Mutu mwenye alilazimisha Ulaya kuangalia mifupa kama hiyo kwa macho, si kwa kitabu, ni André Vésale, ao Vesalius kwa Kilatini.

Alizaliwa Bruxelles tarehe 31 Desemba 1514. Baba yake alikuwa anatengeneza dawa za kaizari Charles Quint. Alisoma Louvain, kisha Paris. Wakati ule mwalimu alikuwa anaikala kwenye kiti cha juu na kusoma maandishi ya Galien, munganga Mugiriki mwenye alikufa miaka 1,300 hivi mbele. Kule chini, kinyozi ndiye alikuwa anapasua maiti. Mwenye kusoma hagusi, mwenye kugusa hasomi. Bosi juu, mutumikaji chini: mambo hayo si mageni kwetu. Na Galien mwenyewe alipasua nyani na wanyama wengine, si watu.

Vésale alishuka, akashika kisu mwenyewe. Mu mwaka 1536, karibu na Louvain, aliiba mifupa ya mutu mwenye alinyongwa, akaibeba mpaka nyumbani. Desemba 1537 alipata diploma ya Padova, mu Italia, na kesho yake wakamupa kazi ya kufundisha. Alikuwa na miaka 22. Jaji mumoja wa kule alikuwa anamupa maiti za wenye kuuawa na serikali. Tuseme na hilo: hakuna mutu aliuliza familia zao.

Mu 1543 alichapisha Basel, mu Uswisi, kitabu chake kikubwa Fabrica, kurasa zaidi ya 600. Alionyesha makosa ya Galien karibu 200. Galien alifundisha kama mushipa wa kuona uko na uwazi ndani, sawa bomba. Vésale alichukua kichwa cha mutu mwenye alitoka kukatwa, akapasua mushipa, hakuona bomba. Kwenye mufupa wa sfenoidi alionyesha katundu kadogo. Vichwa vingine viko nako, vingine hapana, na mpaka leo kanaitwa tundu la Vésale. Naye alikosea: ile lenzi ya jicho aliichora katikati kabisa, kumbe iko mbele.

Sylvius, mwalimu wake wa Paris, alikasirika na kumutukana. Kuliko kukubali kama Galien alikosa, alisema kama ni mwili wa watu ndio ulibadilika tangu zamani!

Mambo ya vichwa kutofanana si ya maprofesa tu. Leo munganga anaweza kupasua ndani ya kichwa kwa kupitia pua. Sasa, kwa watu wengine, ukuta kati ya uwazi wa sfenoidi na mushipa wa kuona ni mwembamba sawa karatasi. Wengine hawana mufupa pale hata kidogo. Onodi, munganga wa Budapest, alionyesha kama kachumba ka hewa ka nyuma ya pua kanaweza kufika mpaka kushikana na ule mushipa. Ndiyo sababu wanapima kwanza na skaneri: chuma kikipita kidogo tu, mugonjwa anaamka kipofu. Wenye kutumika chini ya udongo wanajua ile: plani ya ofisi ni moja, mwamba wenyewe ni mwingine.

Vésale aliacha kufundisha, akakuwa munganga wa Charles Quint, kisha wa mwana wake Philippe wa Pili. Mu 1559 walimuita mbio Paris. Mufalme Henri wa Pili alikuwa amechomwa na mukuki uliovunjika katika mchezo wa farasi, vipande viliingia upande wa jicho. Vésale alifika, Ambroise Paré alikuwa pale, na hakuna mwenye aliweza kitu. Mufalme alikufa kisha siku kumi.

Mu 1564 Vésale alisafiri mpaka Yerusalemu. Wakati wa kurudia, aliugua na kufa kwenye kisiwa cha Zakynthos, mu Ugiriki, na miaka 49. Nafasi kamili ya kaburi lake haijulikani.