Tafakuri ya Ramadhani: Vidonge vya Daktari



Leo nakusimulia habari za Elvis Presley, mwimbaji wa Marekani. Usishangae imamu kumtaja mwimbaji, tulia usome. Alizaliwa mwaka 1935 huko Tupelo, Mississippi, kwenye kibanda cha vyumba viwili. Pacha wake alizaliwa maiti, basi mapenzi yote ya mama yakawa kwake. Alipofika miaka 21 nchi nzima ilishamjua. Akanunua jumba kubwa, akamweka mama. Mama hakulikaa sana. Alifariki Agosti 1958, kijana akiwa jeshini, miaka 23 tu. Alilia mpaka watu wakamwogopea.

Vikaja vidonge: vya kumkesha, vya kumlaza, vya maumivu. Sasa angalia hapa. Desemba 1970 alikwenda mwenyewe kwa Rais Nixon kuomba beji ya maofisa wa kupambana na dawa za kulevya, na akapewa! Walio karibu naye walisema hakujihesabu mraibu. Mraibu ni yule wa mtaani. Vyake yeye vimeandikwa na daktari. Miezi minane tu ya 1977, daktari wake alimwandikia dozi zaidi ya 10,000. Agosti 16 alikutwa ameanguka bafuni, umri miaka 42. Kaburi lake liko karibu na la mama yake.

Wewe unayehesabu vidonge vya usingizi baada ya tarawehe, cheti cha daktari unacho, na tangu msiba ule hujamwambia mtu: namba yangu unayo. Nipigie, hata saa ya daku.