Armstrong: Mwanasheria aliyewasha taa kwa maji

UMEME unapokatika huku bomba likiendelea kutiririsha maji, wakazi wengi wa mijini hujiuliza iwapo maji hayo hayawezi kuwasha taa. Swali hilo lilimshughulisha Mwingereza William Armstrong maisha yake yote.

Alizaliwa Newcastle, Novemba 26, 1810. Baba yake, mfanyabiashara wa nafaka, alitaka awe mwanasheria, naye akatii, ingawa moyo wake ulikuwa kwenye mitambo. Mwaka 1835, akivua samaki huko Dentdale, aliona gurudumu likizungushwa na maji, akatambua kuwa sehemu kubwa ya nguvu ile ilikuwa ikipotea bure.

Miaka kumi baadaye Newcastle ilipoanza kupelekewa maji ya mabomba kutoka mabwawa ya mbali, Armstrong alipendekeza msukumo wa ziada katika sehemu za chini za mji uendeshe mtambo wa kunyanyua mizigo bandarini. Jaribio lilifaulu. Mwaka 1847 aliacha sheria na kufungua kiwanda Elswick.

Kiwanda hicho kiliunda pia mizinga ya kivita, na hapo ndipo sifa yake inapogawanyika. Fedha za silaha zilichangia kujenga Cragside, jumba lake la Northumberland. Mwaka 1878, maji ya ziwa alilolitengeneza yalizungusha turbini, na nyaya zenye urefu wa zaidi ya kilomita moja zikafikisha umeme nyumbani. Mwaka 1880 aliweka balbu za rafiki yake, Joseph Swan. Jumba hilo hutajwa kuwa la kwanza duniani kuangazwa kwa umeme wa maji.

Siri yake ilikuwa wingi wa maji, kitu ambacho bomba la nyumbani halina. Lita 1,000 zenye msukumo sawa na kimo cha mita 30, hata pasipo hasara yoyote, hutoa nishati isiyofika uniti 0.1, balbu ya wati 10 ingewaka kwa takriban saa nane tu. Bili ya maji ingeizidi mbali ya umeme.

Armstrong, ambaye tangu 1863 alionya kuwa makaa ya mawe yatakwisha, alifariki dunia Desemba 27, 1900, akiwa na umri wa miaka 90, bila kuacha mtoto. Mwaka 2014, mtambo mpya wa umeme wa maji ulifungwa Cragside.